Mwanya wa Kucha

Kombe huletwa Jumatatu, siku moja baada ya fainali,
limeviringishwa kwenye jezi, ndani ya kiroba cha unga.
Mwaka huu amelibeba Ndekirwa, mhazini wa Mbogo wa Upanga,
karani wa benki, jicho la kushoto limefungwa
kama duka la Ijumaa adhuhuri.
"Zamoyoni, jina."
"La nani?"
"Nyuki wa Moshi. Tena. Pointi mbili."
Aliyefungwa ndiye humlipa fundi. Desturi hiyo
ni kongwe kuliko kibanda changu hapa Narung'ombe.

Raga siijui. Najua mabonde yake.
Hili la chini ya mkono, Kondo aliliangusha Chalinze
akishuka basi kununua mahindi.
Huu mkwaruzo ni wa kijiko: wodini, Mawenzi,
mtu wao alivunjika paja, wakamnywesha uji humu humu
mpaka muuguzi akawafukuza.
Hapa baba aliandika *Korongu*.
Kufuta kulikuwa na gharama, klabu haikuwa na kitu,
wakakaa kikao, wakabadili jina la timu.

Mara moja tu nilikwenda. Jua, watazamaji thelathini,
na mbwa aliyejua sheria kunizidi.
Wanaume wazima wameinamiana vichwa, mabega yamekabana,
wanasukuma kama wanaotafuta pete chini ya kabati.
Fundi bomba. Mwalimu wa hesabu. Kijana wa Loliondo, Loishiye,
aliyelala kwenye basi usiku kucha akiwa ameikunja miguu kama kiti.
Na lile yai la ngozi linarushwa nyuma,
nyuma tu, nyuma tena,
na watu wanazidi kwenda mbele.
Nikasema: kumbe.
Nikaondoka kabla ya kipenga, nilikuwa na pete ya mtu ya kupunguza.

Leo nageuza kombe, nageuza tena. Limejaa.
Ndekirwa anaweka kidole kwenye mwanya kati ya majina mawili.
"Si hapa pamebaki?"
"Hapo hapaandikwi."

Ule mwaka mvua iliufanya uwanja bwawa,
nauli ikapanda kuliko mishahara,
timu nane zikabaki kwao.
Jumatatu wakaja hata hivyo, watu sita, viatu vikavu,
wameshika kombe kama mtoto aliyekataa kula.
Wakamuuliza baba aandike nini.
Baba akapima kwa ukucha wa dole gumba,
akaruka nafasi hiyo bila kuigusa,
akadai malipo kamili.
Wakalipa.

"Basi tununue jipya," anasema Ndekirwa,
na sote wawili tunacheka, yeye kwa upande mmoja wa uso.

Nyuma ya pazia lipo sinia la shaba la mama,
limetoboka katikati, halipakui tena pilau ya mtu.
Nalikata ukanda, naupinda, naulehemu chini ya kombe.
Moshi unatupaliza wote.
"Hili hatuna fungu lake, dada. Nakwambia kabisa."
"Ninyi kucheza mnalipwa?"
"Tunalipa."
"Basi nyamaza, shika hapa, usitikise."

Nachora. Ny, u, k, i.
Anaifuata patasi kwa jicho lake moja,
kila herufi inamwingia ubavuni, naona,
lakini mkono wake umetulia.

Nikimaliza anahesabu noti za elfu mbilimbili,
moja imeshonwa kwa uzi. Kisha, akitazama mlangoni:
"Jina letu sisi lingekula nafasi kiasi gani?"

Namgeuzia ukanda.
Baada ya Nyuki kuna mistari miwili ya penseli, hafifu,
lazima uinamishe kwenye mwanga.
"Herufi kumi na tatu. Wenzenu kumi na mbili.
Nilikwishapima."

Analiviringisha kombe kwenye jezi.
Jezi bado mbichi. Inanuka majani, na Moshi, na dawa ya misuli.